Kabla hamjanunua busta ya oksijeni, ulizeni nani ataleta ringi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Wiki mbili zilizopita ndugu yangu mmoja, ambaye yumo kwenye kamati ya ununuzi ya hospitali fulani, aliniletea karatasi ya mahitaji niisome kabla hawajaiingiza kwenye NeST, ule mfumo wa mtandaoni wa zabuni za Serikali. Hospitali yao ina mtambo wa kuzalisha oksijeni na sasa wanataka mashine ya kupandisha presha ili wajaze mitungi wenyewe. Mahitaji yote yalikuwa mstari mmoja: kompresa ya kujazia gesi, mita za ujazo 10 kwa saa, moja. Basi. Niliusoma mara tatu na usingizi ukaniruka, maana ni mstari kama huohuo uliotufikisha sisi kwenye wiki 11 ambazo sitazisahau maisha yangu yote.

Mimi ni fundi wa mitambo. Nilianza kazi katika kiwanda cha kujaza gesi Dar es Salaam, nikakaa miaka minane, kisha nikahamia hospitali moja huku Nyanda za Juu Kusini, ambako niko mpaka leo. Wauguzi wananiita Mama Mitungi. Si cheo, lakini nakipenda.

Kwanza nieleze hiyo mashine ni nini, kwa sababu kamati nyingi zinanunua kitu ambacho hakuna mjumbe aliyewahi kukiona kikifanya kazi. Mtambo wa oksijeni unavuta hewa hii hii tunayovuta, ambayo ni naitrojeni asilimia 78, oksijeni 21 na argoni karibu moja. Inashindiliwa ndani ya matangi mawili yaliyojaa punje za zeolaiti. Zeolaiti inaing'ang'ania naitrojeni na kuiacha oksijeni ipite. Tangi moja likishiba, kazi inahamia la pili, na lile la kwanza linatema naitrojeni nje kwa kishindo. Ndio ule mlio ambao jirani yeyote wa hospitali yenye mtambo anaujua. Kinachotoka upande wa pili ni oksijeni ya asilimia 93 hivi, kwa presha ya baa 4 au 5 (baa moja ni karibu sawa na presha ya hewa ya kawaida). Presha hiyo inatosha kabisa kuipeleka wodini kwa bomba, ila mtungi haujai kwa baa 5. Mtungi unataka baa 150. Mashine inayoichukua oksijeni kwenye 5 na kuipandisha hadi 150, kwa hatua tatu au nne, ndiyo sisi mafundi tunaita busta.

Na mitungi ni ya lazima. Wodi ya watoto kwetu haina bomba. Gari la wagonjwa haliwezi kuburuta bomba. Kuna vituo vya afya sita vinavyotutegemea, na umeme ukikatika saa tisa usiku mtungi hauulizi kama jenereta imewaka. Shirika la Afya Duniani liliiweka oksijeni kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2017, kwa ajili ya wagonjwa ambao damu yao imepungukiwa oksijeni. Ni dawa kama dawa nyingine. Tofauti yake ni kwamba dawa hii inatengenezwa na fundi, kwenye banda la nyuma, na kupatikana kwake kunategemea ringi za pistoni, zile pete zinazozuia gesi isivuje kati ya pistoni na silinda.

Busta yetu ya kwanza tuliipata baada ya UVIKO-19, wakati kila mtu alikuwa anakimbizana na oksijeni. Zabuni ilitangazwa, wazabuni watatu wakaleta bei, wa chini akashinda. Tofauti yake na wa pili ilikuwa shilingi milioni 14. Mimi niliitwa siku ya kupokea, niangalie kama kilichoandikwa kwenye hati ndicho kilichopo ndani ya kreti. Kilikuwepo. Nikasaini. Saini ile ni yangu, na ndiyo maana barua hii naiandika mimi.

Karatasi ya muuzaji ilisema mita za ujazo 10 kwa saa, na mtambo wetu unazalisha mita 10 kwa saa. Kwenye makaratasi vinafanana kama mapacha. Mtungi wa lita 40 ukijazwa hadi baa 150 unabeba mita za ujazo 6 hivi, kwa hiyo tulitegemea mtungi mmoja kila dakika 36. Wiki ya kwanza nikakaa na saa mkononi: dakika 52. Wiki ya pili: 52. Nikampigia muuzaji simu, akaniambia mashine bado mpya, italegea. Nikarudi kwenye karatasi yake nikaisoma na maandishi madogo ya chini. Zile mita 10 zimepimwa oksijeni ikiingia kwenye mashine kwa baa 6. Mtambo wetu unatoa baa 4.

Nawaomba wanakamati wanisikilize hapa, hata wale wasiopenda hesabu. Pistoni kila ikivuta inavuta kiasi kilekile cha nafasi. Kilichomo ndani ya nafasi hiyo kinategemea gesi inaingia ikiwa imeshindiliwa kiasi gani. Geji inasoma sifuri hata pale ambapo hewa inayotuzunguka ina uzito wake wa baa moja. Kwa hiyo baa 6 za muuzaji, ukijumlisha na ya hewa, ni 7. Baa 4 zetu zingekuwa 5 kama tungekuwa Tanga au Bagamoyo. Lakini sisi tuko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa imepungua karibu sehemu moja ya tano, kwa hiyo ni 4.8. Gawanya 4.8 kwa 7, zidisha kwa 10: unapata 6.9. Busta yetu ya mita 10 ni busta ya mita 6.9. Ikifanya kazi saa 24 bila kupumzika inajaza mitungi 27, si 40. Muuzaji hakusema uongo. Aliandika ukweli wa mahali pengine, na hakuna aliyemuuliza habari za mahali petu.

Na msidhani dawa yake ni kununua kubwa zaidi ili mjihakikishie. Busta ikivuta kuliko mtambo unavyozalisha, oksijeni inapita kwenye zeolaiti kwa pupa, naitrojeni inapenya nayo, na usafi unashuka chini ya asilimia 90. Mtungi utajaa vizuri, geji itasoma 150, na mgonjwa atapewa kitu ambacho si dawa iliyoandikwa. Busta inapimwa kwa mtambo wake kama kiatu kwa mguu wake. Kwa hiyo muuzaji wa kwanza kumwamini ni yule ambaye kabla ya kutaja bei anauliza: mtambo wenu unatoa presha gani, mko mwinuko gani, chumba kina ukubwa gani, umeme wenu unayumba kiasi gani. Asiyeuliza hayo anauza kreti.

Tuliishi na zile dakika 52. Kilichotuumiza kilikuja baadaye. Mashine ilipofika saa 1,900 za kazi, wakati muuzaji alituahidi ringi zitafika saa 4,000, presha ilianza kugoma kwenye 110. Halafu vali ya usalama iliyo kati ya hatua ya pili na ya tatu ikaanza kupiga, pu, pu, pu. Fundi akisikia mlio huo anajua: hatua ya tatu haimezi tena inacholetewa, gesi inarudi nyuma na kujibana. Nilizima, nikasubiri ipoe, nikafungua silinda. Ringi ya juu ilikuwa imevunjika vipande vitatu, na kuta zote zimepakwa vumbi jeusi laini kama masizi ya koroboi. Ilikuwa imeungua taratibu kwa joto. Chumba tulichoiweka ni kidogo, feni ya kipozeo ilikuwa inatupa hewa moto ukutani na kuivuta tena hiyohiyo. Muuzaji hakuwahi kukiona chumba kile hata kwa picha.

Nilipopiga simu kuomba ringi nikaelewa tulinunua kwa nani. Ofisi yake ilikuwa na katalogi, kalenda za ukutani na binti mmoja mpole wa kupokea simu. Spea hakuna hata moja. Kila kitu kinaagizwa kiwandani, ng'ambo, baada ya kulipa profoma, na kiwanda nacho kinasubiri oda zifike idadi fulani. Wiki 11.

Fundi mchongaji mmoja wa mjini, mtu mwema na mwenye mikono ya dhahabu, alinihurumia akataka kunichongea ringi za nailoni kwa siku moja. Nilimkatalia na nitaendelea kumkatalia. Ringi za busta ya oksijeni zinatengenezwa kwa tefloni iliyochanganywa na kaboni au shaba kwa sababu maalumu: nailoni ndani ya oksijeni ya presha kubwa inashika moto upesi zaidi. Bora busta ife kuliko iwake.

Basi tukawa tunapeleka mitungi Dar es Salaam kwa lori, kilomita 600 hivi kwenda na 600 kurudi, mara moja kwa wiki, mitungi 45. Mtungi mtupu mmoja una kilo 55 za chuma, na oksijeni inayoingia ndani yake ni kilo 8. Tulikuwa tunasafirisha karibu tani mbili na nusu za chuma ili tupate kilo 360 za oksijeni. Kila safari shilingi milioni 1.8 ya lori, ukiacha bei ya gesi yenyewe. Mara 11 ni milioni 19.8. Zile milioni 14 tulizookoa kwenye zabuni ziliisha kabla ya safari ya nane kukamilika.

Lakini sikuja kulilia fedha. Wiki ya sita lori lilikwama Kitonga. Semi-trela ilikuwa imelala katikati ya mlima, na anayeijua Kitonga anajua maana yake. Dereva alinipigia saa tatu usiku. Nilikuwa nimesimama wodi ya watoto mbele ya mtungi wa mwisho, na geji inasoma baa 20. Baa 20 kwenye mtungi wa lita 40 ni lita 800. Watoto watatu wenye nimonia walikuwa wamegawana mtungi ule, kila mmoja lita moja kwa dakika. Nilipiga hesabu kwa kalamu kwenye kiganja: dakika 266. Vitanda vyote vyenye bomba vilikuwa na watu. Muuguzi wa zamu aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Mitungi, niwaambie nini mama zao?" Sikuwa na jibu. Saa sita usiku, daktari alikubali tuwahamishie wawili wodi ya wajawazito, ambako kuna bomba, wakalala na mama zao kwenye magodoro sakafuni, mipira imepitishwa juu ya vitanda vya watu wengine. Wa tatu alibaki na mtungi peke yake. Lori lilifika saa nane na dakika chache. Watoto wote watatu walirudi kwao. Mimi nilikaa kwenye ngazi za stoo mpaka kulipopambazuka, sikuweza kuingia ndani wala kwenda nyumbani.

Mwaka uliofuata tulipata fedha ya busta ya pili, na safari hii niliomba niwe kwenye kamati tangu siku ya kuandika mahitaji. Mganga Mfawidhi alikubali, namshukuru.

Mzabuni mmoja alitujia na maneno matamu sana. Alikuwa ameuza kompresa kwenye kituo cha kujazia magari gesi asilia, akasema, "Mama, gesi ni gesi, kompresa ni kompresa, hii yangu inafika mpaka baa 250." Ni kweli inafika, na kwa gesi asilia huenda ni mashine nzuri. Magari yanayotumia gesi yanaongezeka, kila mtu anataka kuuza kompresa, na sina ugomvi na biashara hiyo. Ila kompresa ya gesi asilia inaweza kutiwa oili kwenye silinda, na oili ikivuka kidogo inachujwa mbele. Oksijeni haikubali hilo hata tone. Oili au grisi ikikutana na oksijeni ya presha kubwa haihitaji kiberiti. Joto la kushindiliwa peke yake linatosha: ukifungua vali ghafla, oksijeni ikaruka kutoka presha ya kawaida hadi baa 150 kwa kufumba na kufumbua, kwa hesabu joto lake linapita nyuzi 900. Hapo hata alama ya kidole yenye mafuta ya nywele ni kuni. Naitrojeni haiwaki, lakini ikivuja chumbani inakuondoa kimyakimya. Asetilini ndiyo kabisa, huwezi kuishindilia peke yake, inayeyushwa ndani ya asetoni kwenye mtungi wake. Kila gesi ina tabia yake, na muuzaji anayesema gesi ni gesi msimpe hata nafasi ya kumalizia chai.

Pale kiwandani Dar es Salaam alinifundisha kazi mzee mmoja aliyekuwa karibu kustaafu. Kila asubuhi kabla hatujagusa vali alisimama mlangoni akasema, "Binti, mikono." Unanyoosha viganja, anavigeuza, anavinusa. Ukiwa umepaka losheni unarudi kunawa. Ukiwa umekula sambusa njiani unarudi kunawa kwa sabuni mara mbili. Nilikuwa naona anatudhalilisha. Siku hizi nawasimamisha vijana wangu mlangoni vilevile.

Kwa hiyo kwenye mahitaji yetu tuliandika: silinda zisizotumia oili kabisa, na kila kinachoguswa na oksijeni kiwe kimesafishwa kwa ajili ya oksijeni, kwa cheti, na kila tundu liwe limezibwa lakiri mpaka siku ya kufunga mashine. Tukaandika presha yetu ya kuingilia, mwinuko wetu, na vipimo vya chumba kwa mchoro nilioupima mwenyewe kwa futi kamba. Tukadai busta isiwake mpaka kipimo cha usafi kisome asilimia 90 kwenda juu, kwa sababu TANESCO wakikata na kurudisha, mtambo unapoamka unatoa kwanza oksijeni chafu, na hiyo haifai kuingia kwenye mtungi. Tukadai spea za miaka miwili, ringi, sili na vali za hatua zote, ziwe ndani ya kreti moja na mashine, si ahadi kwenye barua. Na tukadai majina ya hospitali au viwanda ambako mashine zao zimekaa miaka mitatu au zaidi.

Hili la mwisho ndilo lililochuja wazabuni kuliko yote. Nilipiga simu mwenyewe, na sikumtafuta meneja. Nilimtafuta fundi. Mameneja wanasema mashine nzuri. Fundi anakuambia ringi alibadilisha lini, alizipata kwa siku ngapi, na nani alikuja. Mafundi wanne wa hospitali zenye mashine za mzabuni mmoja hawakulijua hata jina la mtu wa huduma, walijua la muuzaji tu. Kwenye mashine za mzabuni mwingine, fundi mmoja alicheka kwa furaha, akaniambia, "Dada, yule kijana wao namwita mdogo wangu, amelala kwangu mara mbili." Tukampa huyo wa pili, ingawa hakuwa wa bei ya chini. Maneno ya kumtetea kwenye ripoti ya tathmini niliyaandika mwenyewe: bei ya mashine, bei ya spea za miaka mitano, na gharama ya lori kwa kila wiki mashine itakayolala. Mkaguzi alipokuja alizisoma karatasi hizo, akauliza maswali mawili na kufunga faili. Watu wanaogopa ukaguzi mpaka wananunua kitu kibovu kwa usalama. Thamani ya fedha haipimwi siku ya kufungua bahasha tu, na ukiweka hesabu zako mezani unaeleweka.

Kreti ilipofika nilifanya jambo ambalo wengine waliona ni visa. Niliazima kwa wakala mmoja wa fedha ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Tulisubiri giza, tukazima taa za karakana, nikafungua vizibo vya mabomba kimoja kimoja na kumulika ndani. Oili nyingi za mashine zinang'aa kwenye taa ile, rangi ya maziwa yenye ubuluu. Si zote, kwa hiyo nilipitisha pia kitambaa cheupe kilichofuliwa na kukaushwa bila kuguswa. Bomba la kwanza safi. La pili safi. La tatu, lile linalounganisha hatua ya pili na kipozeo chake, lilikuwa na mstari mwembamba unaong'aa kwenye mdomo wa ndani, urefu wa kucha. Kitambaa kikatoka na doa la kahawia.

Nilipiga picha nikamtumia kijana wao wa huduma saa mbili usiku. Hapa ndipo ningependa kila kamati ipaangalie, kwa sababu mashine yoyote inaweza kuja na kasoro. Hakuniambia ni unyevu. Hakuniambia cheti kipo. Aliandika, "Mama, msiiwashe, nakuja." Alifika kesho yake jioni kwa basi, na bomba jipya limefungwa nailoni mbili begani. Alivua saa, akanawa mpaka kwenye viwiko, akalifungua bomba lile, na akafungua pia yale mawili niliyoyapitisha kuwa ni safi, akayasafisha upya yote mbele yetu. Vijana wangu walijifunza zaidi jioni ile kuliko kwenye mafunzo rasmi ya siku mbili yaliyofuata.

Majaribio ya kupokea tulifanya kwetu, kwa mtambo wetu, kwa hewa yetu ya mlimani. Mitungi kumi mfululizo. Kila mtungi nilipima uzito kabla na baada, kwa mizani tuliyoazima stoo ya chakula, kwa sababu geji inaweza kudanganywa na joto: mtungi uliojazwa haraka unasoma 150 ukiwa wa moto, ukipoa unashuka. Kilo hazidanganywi. Tulitaka kilo 8, pungufu kidogo inavumilika. Tukapima na usafi wa oksijeni kutoka kwenye mitungi mitatu, tukiichagua sisi, si muuzaji. Asilimia kumi ya malipo ilibaki mkononi mwetu kwa miezi sita. Hakulalamika. Wakaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, nao walikuja kwa ajili ya vyombo vya presha, na hilo lisisahauliwe, maana ni sheria, na ni roho za watu.

Naongeza neno kuhusu mitambo ya misaada, nikijua wapo watakaoniona sina shukrani. Ninayo. Lakini mfadhili anapochagua muuzaji, mkataba wa huduma mara nyingi unaisha siku ya kukata utepe, na hospitali inabaki na mashine ambayo hakuna mtu Tanzania anayeiwekea ringi. Wakurugenzi, mnapopokea, ombeni mkataba wa spea kabla ya picha ya pamoja. Mfadhili mwenye nia njema hatakasirika.

Busta yetu mpya sasa imevuka saa 3,000. Ringi nilibadilisha mara moja, kwa ratiba, mashine ikiwa nzima, asubuhi, na mchana ilikuwa inajaza. Ile ya zamani nayo tuliifufua, tukaihamishia chumba chenye upepo, na ni ya akiba.

Ule mstari mmoja wa ndugu yangu nimeurudisha kwake ukiwa kurasa mbili na nusu. Amesema kamati itakaa Alhamisi. Vile vipande vitatu vya ringi ninavyo kwenye kifuko cha plastiki, nimevitundika kwenye msumari juu ya meza ya karakana, na nimemwambia naweza kuja navyo, pamoja na ile taa. Kamati nyingine yoyote inayotaka kuvishika mkononi kabla ya kufungua bahasha, karibuni hospitali. Muulizeni mlinzi getini karakana iko wapi.

Fundi wa mitambo,
Nyanda za Juu Kusini